Mnandi na Samaki wa Ziwa Nyasa: Nani Anayetupunguzia Kitoweo?

Katika mwambao wa Ludewa, kuanzia Lumbila hadi Lupingu na Manda, si ajabu samaki wanapoadimika kumsikia mvuvi akimnyoshea kidole mnandi. Ndege huyu mweusi mwenye kifua cheupe huonekana juu ya miamba akiwa ametandaza mabawa, kwa kuwa manyoya yake hulowa maji na hana budi kuyaanika. Biblia nayo inamtaja miongoni mwa ndege wasioliwa, katika sura ya 11 ya Mambo ya Walawi. Je, lawama hiyo ni ya haki? Yafaa tulipime jambo hili kwa utulivu, maana tukikosea kumtambua mharibifu, tutakosea pia dawa.

Tukiri kwanza kwamba mnandi ni mvuvi hodari. Hupiga mbizi, huogelea kwa nguvu ya miguu yake yenye utando, na hukamata samaki kwa mdomo uliopinda nchani kama ndoana. Mnandi mmoja aliyekomaa hula takribani nusu kilo ya samaki kwa siku. Kwa hesabu hiyo, kundi la ndege 100 laweza kula kilo 50 kila siku. Mvuvi wa mshipi anayerudi nyumbani na samaki wawili hawezi kuiona hasara hiyo kuwa ndogo, hasa ndege anapojeruhi samaki walionaswa wavuni.

Lakini tuangalie mahali anapowinda. Mnandi hutegemea macho, hivyo huwinda mchana, na hupendelea maji yasiyo na kina kirefu. Upande wetu, Milima ya Livingstone inashuka ghafla hadi ziwani, na ziwa lenyewe lina kina kinachofikia takribani mita 700. Sehemu anayoifikia ni ukanda mwembamba tu. Wavuvi wa dagaa, yaani usipa, huvua usiku kwa taa. Kwa hiyo hawagombanii samaki na ndege huyu saa ile ile.

Ulaya imelipitia suala hili kabla yetu. Baada ya sheria ya mwaka 1979 ya kuwalinda ndege wa porini, mnandi waliongezeka sana, na malalamiko ya wavuvi yakafika hadi Bunge la Ulaya, ambalo mwaka 2008 liliomba mpango wa pamoja. Ilidhihirika kwamba katika mabwawa ya kufugia samaki hasara huonekana wazi, kwa sababu samaki hawana pa kukimbilia. Katika maziwa makubwa ni vigumu kuthibitisha kwamba ndege ndio chanzo cha upungufu. Basi, wenye mabwawa huku nyanda za juu wana haki ya kuyafunika kwa nyavu au kutandaza kamba juu yake.

Ziwani, tumtazame samaki aina ya mbasa. Nyakati za mvua hupanda Mto Ruhuhu ili kutaga mayai penye changarawe. Wavu unaotegwa kukatisha mdomo wa mto huwanasa samaki wazazi wakiwa bado na mayai tumboni. Kokoro na vyandarua huzoa hata vifaranga. Mashamba yanayolimwa hadi kingo za mto huleta tope linalofunika mazalia. Mnandi hula sehemu ya samaki waliopo. Matendo haya huondoa samaki wa miaka ijayo.

Hatusemi haya ili kumhukumu mvuvi maskini, ambaye mara nyingi njaa ya watoto wake ndiyo inayompeleka ziwani na wavu usiofaa. Twasema kwa sababu maskini huyo huyo ndiye atakayeumia kwanza samaki wakiisha. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004, inayozuia shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za maji, zinatulinda sote. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi katika vijiji vyetu viungwe mkono, na jumuiya zetu ndogondogo zikubaliane kuuacha mdomo wa Ruhuhu wazi mbasa wanapopanda.

Hata tukiwaua mnandi wote wa mwambao huu, mto uliozibwa kwa nyavu hautatuzalia samaki.