Seva ya Nyumbani na Uniti za LUKU

Mwananchi anayetaka kuhifadhi video za harusi, kipaimara na kwaya mahali pamoja, kisha kuzitazama kwenye televisheni au simu yoyote ya nyumbani, anahitaji seva, yaani kompyuta inayowaka saa 24. Video hupita kwenye Wi-Fi ya ndani, hivyo haili bando.

Inachokula ni umeme. Kompyuta ya mezani iliyokwishatumika, yenye kuvuta wati 60, humaliza takribani uniti 43 kwa mwezi. Kundi la D1 la TANESCO ni la wanaotumia wastani usiozidi uniti 75. Kaya iliyozoea uniti 40, ikiongeza mashine hiyo, huweza kuhamishiwa T1, ambako bei ya uniti ni zaidi ya maradufu. Kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, ikivuta wati 8 pamoja na diski yake, haifikishi uniti 6. Programu ya Jellyfin, isiyolipiwa, huitosha, mradi video ziwe katika muundo ambao televisheni yenyewe inausoma.

Fedha inayobaki inunue diski ya pili. Umeme hukatika ghafla, na diski inayoandika wakati huo huweza kuharibika. Nakala ya pili ihifadhiwe ikiwa imechomolewa, ikiwezekana kwa ndugu anayeishi nyumba nyingine.