Je, Wajua? Kinachofundisha na Kinachoonekana Kufundisha

Je, wajua kwamba unaweza kugawa vitabu vya kiada bure na wanafunzi wengi wasipate faida yoyote? Jambo hili lilipimwa Busia, magharibi mwa Kenya, kuanzia mwaka 1996. Watafiti Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin walichukua shule 100 za msingi zilizokuwa na uhaba wa vitabu, wakapiga kura: shule 25 zipewe kwanza, nyingine zisubiri. Ilitarajiwa alama zipande. Wastani haukusogea. Walionufaika ni wale waliokuwa wakishika nafasi za juu tangu mwanzo. Wenzao, ambao ndio wengi, walikuwa na kitabu mezani na bado wakabaki walipokuwa.

Sababu ilikuwa lugha. Vitabu vile viliandikwa kwa Kiingereza, na kwa watoto wengi wa Busia hiyo ilikuwa lugha ya tatu, baada ya ile ya nyumbani na Kiswahili. Kitabu kilimfaa mtoto aliyekwisha kuweza kukisoma. Utafiti huu ningependa ufikishwe mezani kila inapotangazwa hesabu ya vitabu vilivyosambazwa, ili liulizwe na swali la pili: darasani ni wangapi wanaoweza kuvisoma?

Kutoka eneo hilohilo kuna kisa cha chati kubwa za kufundishia, zile zinazotundikwa mbele ya darasa na kufunuliwa ukurasa baada ya ukurasa. Ukilinganisha tu shule zilizokuwa na chati na zile zisizokuwa nazo, unaona tofauti kubwa ya alama, na ungeapa kwamba chati zinafundisha. Zilipogawiwa kwa kura katika shule 178, nusu zikipata na nusu zikikosa, tofauti ile ikayeyuka. Shule yenye chati huwa na mengine pia: mwalimu mkuu anayejituma, wazazi wenye uwezo, kamati inayokutana. Chati ilikuwa ikipewa sifa isiyo yake. Ndiyo maana watafiti hawa wanashikilia kura kama mvuvi anavyoshikilia usukani: ikiachwa, kila kitu kizuri kilichopo shuleni kitajidai ndicho kilichofundisha.

Je, wajua kwamba dawa ya minyoo ni miongoni mwa mambo yaliyochunguzwa sana katika historia ya utafiti wa elimu? Mwaka 1998, Kremer na mwenzake Edward Miguel walianza kufuatilia shule 75 za Busia zenye wanafunzi zaidi ya 30,000. Shule zilizopata dawa mapema ziliona utoro ukipungua kwa takriban robo, na hata watoto wa shule za jirani ambao hawakumeza kidonge walipata nafuu, kwa kuwa maambukizi yalipungua eneo zima. Alama za mitihani, hata hivyo, hazikupanda. Wanasayansi wengine waliyarudia mahesabu hayo mwaka 2015 na mabishano makali yakafuata. Lakini watoto wale walifuatiliwa kwa miaka 20, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba waliopata dawa kwa miaka zaidi walikuwa wakilipwa kama asilimia 13 zaidi kwa saa wakiwa watu wazima. Kremer, pamoja na Esther Duflo na Abhijit Banerjee, walipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019 kwa utafiti wa namna hii. Sehemu ya kazi iliyowafikisha Stockholm ilifanyika katika shule za mabati na vumbi za magharibi mwa Kenya.

Na je, wajua kwamba kuwatenganisha watoto kwa kiwango chao si lazima kuwaumize wa chini? Wengi wetu tunalichukia jambo hili, na tuna sababu: tumeona watoto wakiitwa wa mkondo wa wajinga. Mwaka 2005 shule 121 za magharibi mwa Kenya ziliongezewa mwalimu wa mkataba ili darasa la kwanza ligawanywe mara mbili. Kura ilipopigwa, shule 60 ziliwagawa watoto kwa alama za mwanzo, na 61 ziliwachanganya bila kujali alama. Baada ya mwaka mmoja na nusu, watoto wa shule zilizogawa kwa kiwango walikuwa mbele, wenye nguvu na wanyonge vilevile. Duflo, Kremer na Pascaline Dupas walieleza kwamba mwalimu aliyekuwa na watoto wanaokaribiana aliweza hatimaye kufundisha pale walipokuwa. Katika darasa la mchanganyiko mwalimu hufuata mtaala, na mtaala hufuata wachache wa mbele. Ni ugonjwa uleule wa vitabu vya Busia. Bado ningeogopa kuona mgawanyo huo ukifanywa wa kudumu, mtoto wa miaka 7 akiwekewa alama atakayotembea nayo mpaka darasa la saba. Mgawanyo waliopima wao ulidumu mwaka na nusu wa mwanzo tu, wakati mtoto anajifunza kusoma.

Upande wa Tanzania kuna utafiti ambao kila mwalimu mkuu angefaa kuujua. Unaitwa KiuFunza, ulisimamiwa na shirika la Twaweza katika shule 350 za msingi mwaka 2013 na 2014, ukilenga Kiswahili, Kiingereza na Hisabati kwa darasa la kwanza hadi la tatu. Kundi moja la shule lilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi. Kundi la pili halikupewa ruzuku. Walimu wake waliahidiwa shilingi 5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu jaribio la somo lao, na mwalimu mkuu shilingi 1,000. Kundi la tatu lilipata vyote viwili, na la nne halikupata kitu ili liwe la kulinganishia.

Ruzuku peke yake haikuongeza chochote katika alama. Fedha zilifika, vitabu na vifaa vilinunuliwa, lakini watoto walijua kiasi kilekile. Motisha ya walimu peke yake ilileta matokeo mchanganyiko. Vilipowekwa pamoja, alama zilipanda wazi, tena kwa zaidi ya jumla ya kile ambacho kila kimoja kilileta kikiwa peke yake. Mwalimu mwenye ari bila chaki wala kitabu hufika mahali akakwama; kitabu kilichofungiwa kabatini ofisini hakimfundishi mtu. Ninachokithamini zaidi ni kwamba matokeo haya yanazima ugomvi wa siku nyingi, upande mmoja ukisema tatizo ni fedha na mwingine ukisema tatizo ni walimu. Kila upande umeshika nusu ya jibu.

Tuziache shule kidogo, tuingie kichwani mwa mwanafunzi.

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa miaka. Alikariri orodha za silabi zisizo na maana yoyote, kisha akapima ni kazi kiasi gani ingemlazimu kuirudia ili azikumbuke tena. Saa moja tu baadaye zaidi ya nusu ya kazi ilikuwa imepotea. Baada ya mwezi ilibaki kama sehemu moja ya tano. Watafiti wawili wa Amsterdam walilirudia jaribio hilo na kuchapisha matokeo mwaka 2015: mteremko ulikuwa karibu uleule, miaka 130 baadaye. Lakini Ebbinghaus aligundua pia jambo la faraja. Marudio 38 yaliyotawanywa katika siku tatu yalimfikisha pale ambapo marudio 68 ya siku moja yalimfikisha. Mwanafunzi anayekesha usiku wa kuamkia mtihani analipa bei karibu maradufu kwa bidhaa ileile.

Kuna jambo kubwa kuliko hilo, na kama ningeruhusiwa kuwaeleza wanafunzi wa kidato cha nne kitu kimoja tu, ningechagua hili. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Chuo Kikuu cha Washington kilichopo St. Louis, Marekani, waliwapa wanafunzi habari fupi za kisayansi. Kundi moja lilizisoma katika vipindi vinne, kwa wastani mara 14 hivi. Kundi jingine lilisoma kipindi kimoja tu, mara 3 hivi, kisha likafunikiwa karatasi na kuambiwa liandike lote linalokumbuka. Likafanya hivyo mara tatu, bila kusahihishwa. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliosoma sana walikumbuka asilimia 83, wenzao 71. Hapo ungesema kusoma tena na tena ndiyo njia. Walipopimwa baada ya wiki moja, waliosoma sana walikuwa wameshuka hadi asilimia 40, na waliojipima walikuwa na 61.

Linalonigusa zaidi ni kwamba walipoulizwa mwishoni mwa vipindi hivyo watakumbuka kiasi gani baadaye, waliosoma mara 14 ndio waliojiamini zaidi. Kurasa zilikuwa zimeshazoeleka machoni, na mazoea hayo wakayahesabu kuwa ujuzi. Mwanafunzi wa namna hii tunamwona kila mwaka: daftari limejaa mistari ya rangi, amesoma mpaka kurasa zimelegea, akiingia chumba cha mtihani anakuta kichwa kitupu. Hakuwa mvivu. Alifanya bidii ya aina isiyosaidia, na hakuna aliyemwambia.

Walimu wa chuoni, yaani madrasa, katika pwani yetu wamekuwa wakitumia njia hii ya kujipima tangu zamani bila kusubiri maabara. Mwanafunzi anayehifadhi Kurani humsomea mwalimu kwa moyo, msahafu ukiwa umefungwa, na kila mara hurudishwa juzuu za nyuma kabla ya kuongezewa mpya. Kujipima na kutawanya marudio, yote mawili yamo. Shule zetu zimechukua mtihani zikaufanya hukumu ya mwisho wa muhula, ilhali maswali matano ya kujibu bila kuangalia daftari, kila asubuhi, bila alama wala kiboko, yangekuwa yenyewe ndiyo somo.

Kwa kifupi, mengine mawili. Ile imani kwamba kuna watoto wa kujifunza kwa macho, wengine kwa masikio na wengine kwa mikono, na kwamba kila mmoja afundishwe kwa mlango wake, ilipitiwa mwaka 2008 na wanasaikolojia wanne wakiongozwa na Harold Pashler. Hawakupata ushahidi wa kutosha wa kuitumia darasani, ingawa bado inafundishwa katika semina nyingi za walimu. Na katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, wanafunzi wa fizikia wa Harvard walilinganishwa katika masomo mawili, moja likiwa la mhadhara mtamu wa mwalimu hodari, jingine wakihangaika wenyewe na maswali katika vikundi. Waliohangaika walijifunza zaidi, ingawa wao wenyewe walidhani wamejifunza pungufu.

Sasa mashine. Peru iligawa kompyuta ndogo kwa mamia ya maelfu ya wanafunzi. Utafiti wa shule 319 za vijijini, uliotolewa mwaka 2012, haukuona ongezeko lolote katika hesabu wala lugha. Kompyuta zilifika, namna ya kufundisha haikubadilika.

Mkoa wa Tanga ulishuhudia jaribio la aina nyingine. Lilikuwa shindano la XPRIZE lenye fungu la dola milioni 15, likishirikisha UNESCO, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na serikali ya Tanzania. Karibu watoto 3,000 katika vijiji 170 walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili, wavitumie wenyewe bila mwalimu. Asilimia 74 walikuwa hawajawahi kwenda shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza kusoma neno ilikuwa imepungua kwa nusu. Mwaka 2019 timu mbili, Kitkit School na onebillion, ziligawana zawadi ya dola milioni 10, na programu zote tano zilizofika fainali zikaachwa wazi ili yeyote azitumie.

Nafurahi kila ninapoisoma habari hiyo. Watoto wale walijifunza kwa lugha waliyoielewa, wakianzia hatua waliyokuwepo, na kila mmoja alikwenda kwa mwendo wake. Lakini nusu nyingine bado haikuweza kusoma neno moja baada ya miezi 15 ya kishikwambi, na hao ndio waliohitaji mtu wa kukaa nao.

Kisumu, Kenya, lilipimwa kwa njia ya werevu swali la nani apewe kifaa. Benjamin Piper na wenzake walilinganisha mipango mitatu ya kufundisha kusoma: mmoja ulimpa mwanafunzi kifaa cha kusomea vitabu, wa pili ulimpa mwalimu kishikwambi, na wa tatu ulimpa kishikwambi yule ofisa anayezunguka shule kumtembelea mwalimu darasani, kumwangalia akifundisha na kukaa naye baadaye. Matokeo ya 2016 yalionyesha kwamba watoto wa mipango yote mitatu walisoma vizuri kwa kiwango kinachokaribiana. Kwa upande wa gharama, tofauti ilikuwa kubwa mno: mpango wa ofisa ndio uliokuwa nafuu, kwa sababu ofisa mmoja huhudumia shule nyingi. Kenya ilipopeleka mpango wa Tusome nchi nzima mwaka 2015, kila mtoto wa darasa la kwanza na la pili alipata kitabu chake, mwalimu akapata mwongozo wa somo kwa somo, na vishikwambi wakapewa maofisa wa kuwatembelea walimu.