Rosa Mistika: riwaya ya vijana iliyosomwa chini ya dawati



Mwaka jana, tulipokuwa tunapanga upya kabati la vitabu hapa Lukuledi, mseminari mmoja wa kidato cha tatu aliniletea kitabu kilichong'oka jalada akaniuliza kama akiweke kwenye rafu ya ibada. Ukurasa wa ndani uliandikwa "Rosa Mistika". Wenzake walicheka, lakini kijana hakukosea sana. Jina hilo limetoka kwenye Litania ya Bikira Maria, ile tunayoisali baada ya rozari, ambamo Mama wa Mungu anaitwa Waridi lenye fumbo. Ila kitabu chenyewe si cha ibada. Ni riwaya iliyopigwa marufuku mashuleni muda mfupi baada ya kutoka, na wazazi wa vijana wetu, pengine na babu zao, waliisoma wakiwa wameificha chini ya dawati.

Aliyeiandika ni Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo, kisiwani Ukerewe, mwaka 1944. Alisoma katika Seminari ya Nyegezi, Mwanza, kisha mwaka 1967 akaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Rosa Mistika ilitolewa na East African Literature Bureau mwaka 1971, mwandishi akiwa na miaka 27. Kwa hiyo mtu aliyeandika kitabu ambacho walezi wengi wangekitoa mikononi mwa mseminari, yeye mwenyewe alilelewa seminarini. Litania aliijua, na jina la kitabu hakuliokota njiani.

Ili kuelewa kishindo chake, inafaa kukumbuka vijana wa wakati ule walikuwa na nini cha kusoma. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Kiswahili kilikuwa lugha ya kufundishia shule zote za msingi, na wasomaji wa Kiswahili wakaongezeka haraka kuliko vitabu. Hapakuwa na rafu iliyoandikwa "riwaya za vijana". Kijana akimaliza hadithi za sungura na fisi, aliruka moja kwa moja kwenye chochote kilichopatikana. Wengi waliangukia hadithi za upelelezi: Simu ya Kifo ya Faraji Katalambula ilikuwapo tangu 1965, na mwaka 1974 Elvis Musiba alileta Kufa na Kupona pamoja na mpelelezi wake Willy Gamba, ambaye wavulana walimwiga hadi namna ya kutembea. Mwaka 1975 Ndyanao Balisidya alitoa Shida, habari ya vijana wanaokimbia dhiki ya kijijini na kukutana na dhiki nyingine mjini. Zote hizo zilisomwa na kupokezanwa hadi kurasa zikalegea. Lakini ya Kezilahabi ilimgusa kijana mahali ambapo nyingine hazikufika: nyumbani kwake, mbele ya baba yake.

Habari yake kwa ufupi ni hii. Rosa ni binti mkubwa wa Zakaria na Regina. Zakaria alikuwa mwalimu, sasa ni mlevi. Siku anapogundua barua ambayo mvulana aitwaye Charles amemwandikia Rosa, anampiga binti yake kipigo cha kinyama. Tangu hapo Rosa anawaogopa wanaume, na kijiji kinamsifu kwa adabu yake. Anakwenda shule ya bweni ya wasichana ya Rosary, Mwanza, mbali na fimbo ya baba, na huko anagundua kwamba hakuna alichofundishwa isipokuwa hofu. Bwana Maendeleo mmoja, Deogratias, anamwangusha. Anapofika chuo cha ualimu Morogoro amekwisha kuwa mtu mwingine kabisa: wanaume wengi, mimba zilizotolewa. Baadaye akiwa mwalimu anataka kuanza upya, na Charles wa ile barua anarudi kumchumbia. Rosa anamwambia ukweli wa maisha yake. Charles anamwacha. Rosa anajiua.

Nikiulizwa kwa nini serikali iliifungia, jibu la haraka ni kwamba kitabu kinataja mambo ya kitandani bila kuyafunika. Ni kweli kinayataja. Lakini nimekisoma mara tatu, na sioni ukurasa ambao dhambi imepambwa ili itamaniwe. Kila anguko la Rosa linamgharimu, na msomaji anaona gharama hiyo ikilipwa. Kilichowakera wakubwa, kwa maoni yangu, ni orodha ya watu wanaohusika: baba wa familia, ofisa wa serikali, mkuu wa chuo. Rosa anaanguka mikononi mwa watu waliopewa dhamana ya kumlea. Kitabu cha namna hiyo ni kigumu kumpa mwanafunzi halafu ukabaki umesimama mbele ya darasa na chaki mkononi.

Tuwe wakweli pia kuhusu kasoro zake. Mwisho umeharakishwa, vifo vinarundikana, na mahali pengine mwandishi anaingia mwenyewe kutuhubiria wakati hadithi ilikwisha kusema. Ni kitabu cha mtu kijana. Kichwamaji cha 1974 kimeandikwa kwa ustadi zaidi, ingawa sikioni kikipokezanwa bwenini kama hiki.

Lililonifanya niandike makala hii ni swali la yule yule mseminari, aliyekirudisha kitabu baada ya wiki mbili. Hakuuliza juu ya mapenzi kama nilivyotegemea. Aliuliza: "Padre, Rosa angezikwa na Kanisa?"

Tukiitazama sheria, Rosa aliandikwa katika wakati ambao jibu lilikuwa chungu. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1917 ulikuwa bado unatumika, na kanuni ya 1240 ilimnyima maziko ya Kanisa mtu aliyejiua kwa kukusudia, isipokuwa kama kabla ya kufa alionyesha dalili za kutubu. Wazee wa parokia nyingi wanakumbuka maziko yaliyofanyika bila padre wala kengele, na watu wakirudi nyumbani kimya. Mkusanyo mpya ulitoka mwaka 1983, miaka 12 baada ya riwaya, na kanuni ya 1184, inayotaja wanaonyimwa maziko, haimtaji tena mtu aliyejiua. Kisha Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, namba 2280 hadi 2283, ikafundisha mambo mawili kwa pamoja. Kujiua ni kosa zito dhidi ya upendo wa Mungu, wa nafsi na wa jirani. Lakini uchungu mkubwa, hofu au maradhi ya nafsi hupunguza uwajibikaji wa mtu, na hatupaswi kukata tamaa juu ya wokovu wa waliojitoa uhai, kwa kuwa Mungu anaweza kuwapa nafasi ya kutubu kwa njia anazozijua Yeye. Kanisa linawaombea.

Kezilahabi hakungoja 1983. Mwishoni mwa riwaya anawapeleka Rosa na Zakaria mbele ya Mungu, na huko baba na binti wanashtakiana. Kama teolojia, sura hiyo ina mapungufu, na profesa wa dogmatiki angeijaza wino mwekundu. Lakini inafanya jambo ambalo hotuba zetu za maadili mara nyingi haziwezi: inamwita na baba kizimbani. Anayejiua ni mmoja, ila kesi ina washtakiwa zaidi ya mmoja.

Kuna jambo jingine ambalo msomaji wa leo anaweza kulipita bila kuliona. Mimba za Rosa zinatolewa katika nchi ambayo msichana aliyepata mimba alifukuzwa shule, na huo ukawa mwisho wake. Utaratibu huo ulidumu hadi Novemba 2021, serikali ilipotangaza kwamba wasichana waliojifungua wataruhusiwa kurudi darasani. Utoaji mimba haukuwi halali kwa sababu hiyo, na hapa sitaki nieleweke vibaya. Lakini mchungaji asiyejua mlango uliofungwa nyuma ya msichana hawezi kuelewa alikimbilia wapi.

Huku kwetu tunaweza kudhani tatizo la Rosa halituhusu. Zakaria alinyamaza akapiga. Sisi tuna unyago na jando. Kuanzia Masasi hadi Newala, mavuno yakiisha ngoma zinaanza, na hakuna binti anayeweza kusema hakuambiwa kitu. Ndugu zetu Waanglikana walilitambua hilo mapema: Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Masasi kuanzia 1926, alijaribu kuziingiza mila hizo ndani ya maisha ya Kikristo badala ya kuzipiga vita tu. Hata hivyo, kuambiwa na kusikilizwa ni mambo mawili. Kungwi humfundisha mwali namna ya kuishi na mume, na mwali hukaa kimya kwa heshima. Rosa alikosa mafundisho, ndiyo, lakini alikosa zaidi mtu mzima mmoja wa kumwambia jambo lililompata bila kuogopa fimbo. Mtu huyo anaweza kukosekana hata kwenye nyumba yenye ngoma. Anaweza kukosekana hata parokiani, kama padre anajulikana kwa ukali wake kitubioni.

Marufuku iliondolewa baadaye, na leo riwaya inafundishwa vyuo vikuu. Kezilahabi mwenyewe alikuwa mhadhiri Dar es Salaam, halafu Botswana, akafariki Januari 2020. Mwaka 2025 Rosa Mistika ilitoka kwa Kiingereza, ikiwa imefasiriwa na Jay Boss Rubin na kuchapishwa na Yale University Press ya Marekani.

Je, tuwape waseminari wetu? Tulilijadili walezi, na hatukukubaliana. Mmoja wetu anaona kidato cha tatu ni mapema mno, na hoja yake ina uzito: mvulana wa miaka 16 anaweza kusoma kurasa nne anazozitaka na kuziacha nyingine zote. Mimi naona kurasa nne hizo atazipata kwenye simu akirudi likizo, bila Rosa na bila Zakaria. Kwa sasa tumeafikiana hivi: kitabu kinaazimwa kuanzia kidato cha tano, na wa chini yake akikitaka anakisoma pamoja na mlezi, sura kwa sura. Wanne wameshaandikisha majina. Yule wa swali la maziko nimemwomba akishonee jalada jipya la karatasi ya kaki, na jina ameliandika mwenyewe kwa herufi kubwa.