Lafudhi Iliyobadilika Ughaibuni Si Kiburi

Mwacha mila ni mtumwa, walinena wahenga. Methali hii ndiyo anayotupiwa kila mwana wa Naro Moru arejeaye kutoka ng'ambo akiwa na ulimi uliogeuka. Husemwa kwamba anajitia Uzungu na kwamba anaionea haya asili yake. Mimi ni mwalimu wa lugha katika mji huu ulio chini ya Mlima Kenya, na naona kwamba hukumu hiyo haina haki.

Tulichukue jina la mji wenyewe. Aliyekulia hapa huitamka 'r' kwa ncha ya ulimi kugonga ufizi mara moja tu, na 'o' yake haiyumbi. Mmarekani huukunja ulimi bila kuugusa ufizi, na 'o' yake huishia katika 'u'. Mtu akiishi kwa Wamarekani miaka kumi na mitano, akilitaja jina la kwao kwa namna watakayoielewa, si ajabu akirudi nalo limebadilika. Ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Nayo ni methali ya wahenga wale wale.

Wataalamu wamelichunguza jambo hili. Mwaka 1997 Sancier na Fowler walichapisha utafiti kuhusu mwanafunzi Mbrazili aliyekuwa akisafiri kati ya kwao na Marekani. Baada ya kukaa Marekani miezi michache, pumzi itokayo pamoja na sauti 'p' na 't' iliongezeka hata alipozungumza Kireno, lugha yake ya kwanza. Akikaa kwao, ilipungua. Mwaka 2000 Jonathan Harrington na wenzake walionyesha kwamba hata irabu za Malkia Elizabeth wa Pili, ambaye hakuhamia popote, zilisogea kati ya miaka ya 1950 na 1980 kuelekea zile za raia wake. Ikiwa Malkia alivutwa na masikio yake, sembuse mlezi wa wazee huko Boston?

Sikatai kwamba wapo waigaji, ambao hukaa ng'ambo majuma mawili wakarudi wakizungumza puani. Lakini mwigaji hutambulika upesi, kwani akighadhibika lafudhi ya kuazima humtoka. Aliyebadilika pole pole hana habari kwamba amebadilika mpaka aambiwe.

Hatari kubwa imo katika kicheko chetu. Namjua kijana aliyelelewa Marekani ambaye sasa humjibu nyanya yake kwa Kiingereza pekee, ilhali Kikuyu anakijua. Binamu zake walimcheka mara mbili tatu, akanyamaza. Nyanya hajui Kiingereza. Hapo kilichopotea si lafudhi tena, bali ni mazungumzo baina ya vizazi viwili. Na darasani wanafunzi wale wale humcheka mwenzao wa Kieni anayechanganya 'r' na 'l'. Mmoja huchekwa kwa kuwa Mzungu mno, wa pili kwa kuwa Mkikuyu mno, na wote wawili huacha kuinua mikono.

Lugha haihifadhiwi kwa kuwasuta wasemaji wake, bali kwa kuitumia. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekwenda uhamishoni mwaka 1982, aliandika riwaya yake Mũrogi wa Kagogo kwa Kikuyu akiwa ughaibuni. Umbali haukumnyang'anya lugha.

Walimu wenzangu, na tumsahihishe mwanafunzi pale ambapo matamshi yanageuza maana, kama anaposema 'kura' akikusudia 'kula'. Tufanye hivyo kwa upole, bila kumtania mbele ya wenzake. Nanyi wanafunzi, ajapo ndugu yenu kutoka mbali, msikilizeni anachosema kabla ya kupima anavyokisema. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Lakini atarejeaje aliyefungiwa mlango kwa ajili ya herufi moja?