Mwanasayansi Kijana na Dokezo la Waziri

Juni 2023, Global Young Academy, akademia ya kimataifa ya wanasayansi vijana, ilifanya mkutano wake mkuu wa mwaka jijini Kigali. Mikutano ya namna hii haikosi kaulimbiu yenye maneno uongozi, sera na ushirikiano, na msomaji anayeona picha ya watu waliojipanga kwenye ngazi za ukumbi, vitambulisho shingoni, ana haki ya kuuliza walifuata nini huko zaidi ya posho. Nijuavyo mimi, walio makini hufuata mambo mawili ambayo chuo kikuu hakikuwafundisha: kumweleza mtawala jambo la kisayansi akaweza kuliamulia, na kuendesha mradi na mwenzako wa nchi nyingine bila mmoja kugeuka kibarua wa mwingine.

Kwanza, huyo kijana ni nani? Akademia hiyo ina wanachama 200, kila mmoja hukaa miaka mitano kisha humpisha mwingine, na wengi huingia wakiwa wamemaliza shahada ya uzamivu kati ya miaka mitatu na kumi iliyopita. Kwa hiyo tunazungumzia mtu wa miaka thelathini na kitu, pengine mwenye watoto wawili shuleni na mkopo benki. Kijana ni wa taaluma, si wa umri. Kipindi hicho cha baada ya uzamivu kimechaguliwa kwa sababu. Kabla yake mtafiti ana msimamizi wa kumbeba. Baada yake ana cheo. Katikati hapo anatakiwa aombe ruzuku kwa jina lake mwenyewe, asimamie wanafunzi, anunue kemikali kupitia taratibu za manunuzi ya umma na asahihishe mitihani ya darasa la watu mia tatu. Wengi huachia utafiti hapo hapo, wakabaki kufundisha tu.

Mikutano ya kuwakutanisha wanasayansi wachanga na wakubwa ina historia ndefu kuliko akademia hii, ambayo ilianzishwa mwaka 2010 jijini Berlin. Wa Lindau, mji wa Ujerumani ulio kwenye Ziwa Konstanz, ulianza mwaka 1951 kama mkutano wa madaktari na washindi saba wa Tuzo ya Nobel. Siku hizi hualika vijana wapatao 600 kutoka pande zote za dunia kuwasikiliza washindi hao kwa karibu wiki nzima. Sera iliingia pale mapema. Julai 1955 washindi 18, wakiongozwa na Otto Hahn na Max Born, walitoa tamko la kuonya juu ya silaha za nyuklia kwenye kisiwa jirani cha Mainau. Ndani ya mwaka mmoja walioliunga mkono walifika 52. Mwaka 2015 tamko jingine lilihusu mabadiliko ya tabianchi, miezi michache kabla ya makubaliano ya Paris.

Matamko hayo yana heshima yake. Lakini tamko ni sauti ya mtu aliyekwisha kufika. Mhadhiri wa Morogoro au Njoro akitia saini karatasi ya kuitahadharisha dunia, dunia haitageuka kumtazama. Yeye anahitaji kitu kidogo zaidi na kigumu zaidi: karatasi ya kurasa mbili itakayofika mezani kwa katibu mkuu wa wizara na kusomwa hadi mwisho.

Zoezi la kumfundisha hilo huwa la dakika tatu. Mshiriki anasimama, mbele yake ameketi mtu anayeigiza waziri, na anatakiwa kusema jambo lake. Tuchukue mtafiti wa sumukuvu, ile sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye mahindi na karanga. Akifuata mazoea ataanza hivi: utafiti wetu katika wilaya nne umebaini tofauti yenye maana kitakwimu baina ya... Hapo waziri ameshamkata: "Sasa nifunge mpaka au nisifunge?"

Hilo swali halikutungwa darasani. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilisitisha uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, malori yakasimama mpakani Namanga, na baada ya siku chache zuio likaondolewa kwa masharti, likiwemo la mzigo kuwa na cheti cha kuonyesha kiwango cha sumu. Hofu ya Kenya ilikuwa na makaburi nyuma yake: mwaka 2004 watu 317 waliugua huko Ukambani na maeneo ya jirani, na 125 wakafa. Tanzania nayo ilipata yake mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, wagonjwa 68 na vifo 20. Lakini mwaka huo wa 2021 mkulima aliyeuza mahindi yake soko la Kibaigwa, Tanzania, hakuwa na kosa lolote, na dalali aliyekwama mpakani alikuwa akilipia maegesho ya lori kila siku.

Mtaalamu anajua nini ambacho waziri hakijui? Anajua kwamba kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo ya mahindi. Kwa lori la tani 30, hiyo ni sumu isiyozidi theluthi ya gramu katika mzigo mzima. Na sumu hiyo haikusambaa sawasawa. Hujikusanya kwenye punje chache zilizooza, hapa na pale, na punje hizo zinaweza kuwa katikati ya gunia la chini kabisa. Mkaguzi akichoma bambo kwenye magunia matatu ya mlangoni anaweza kutoka na sampuli safi. Mwenzake wa ng'ambo ya pili akachoma mahali pengine akagonga kwenye ukungu wenyewe. Maabara mbili zinatoa majibu mawili kwa lori moja, na hakuna aliyedanganya. Sehemu kubwa ya tofauti huanzia kwenye kuchukua sampuli, kabla hata mashine haijawashwa.

Basi jibu zuri kwa waziri haliwi ndiyo wala hapana. Linakuwa: mheshimiwa, kabla ya kufunga mpaka, tukubaliane na wenzetu bambo lichomwe mara ngapi kwa kila tani, kilo ngapi zisagwe pamoja kabla ya kupimwa, na maabara ipi ikubaliwe na pande zote, itagharimu kiasi hiki, na itachukua muda huu. Ukiliangalia vizuri utaona kwamba dakika tatu zinatosha, ila maandalizi yake ni ya wiki.

Walioko serikalini wanajua kwamba karatasi haiendi kwa waziri moja kwa moja. Inapita kwa ofisa, ambaye anaandika dokezo sabili kwa mkurugenzi, mkurugenzi naye kwa katibu mkuu, na kila mmoja anaifupisha. Mtafiti asipojifupisha mwenyewe, atafupishwa na mtu ambaye hakusomea ukungu. Ndiyo maana washiriki hufundishwa kuweka juu kabisa uamuzi unaoombwa, kisha gharama, kisha nani hatafurahi na kitakachotokea tukikaa kimya. Mbinu za utafiti zinakwenda kwenye kiambatisho. Kwa mtu aliyezoea kuandika tasnifu kuanzia utangulizi mpaka hitimisho, huku ni kuvaa shati kinyume.

Kigumu kuliko vyote ni kusema "sina uhakika" bila kutolewa ofisini. Wengi wetu tuna tabia mbili mbaya: ama tunajificha nyuma ya tahadhari hadi ushauri unapotea, ama tunatia chumvi ili tusikilizwe. Namna inayofaa ni kutenganisha tunachokijua, tusichokijua, na kitu ambacho kikijulikana kesho kitatufanya tubadili ushauri. Baada ya hapo uamuzi ni wa waziri. Ana wakulima, wasagishaji na wapiga kura ambao mtafiti hawaoni kwenye majedwali yake, na mtafiti anayenuna kwa sababu ushauri wake haukufuatwa neno kwa neno hajaelewa kazi ya serikali.

Kuhusu uongozi nitasema kidogo, maana hapo maneno huwa mengi na kazi haba. Sehemu yenye faida ni ile ya kuongoza maabara yenye watu watano: kugawa kazi, kusoma bajeti, kumwambia mwanafunzi kwamba takwimu zake hazitoshi. Mengine ni mabango.

Ushirikiano ndio wenye mgogoro wa kweli. Wenyewe wanauita utafiti wa helikopta: timu inatua kutoka Ulaya au Marekani, inachukua damu, udongo au nyuki, inaondoka, na makala ikitoka jina la mwenyeji liko katikati ya orodha ndefu au kwenye aya ya shukrani. Sheria zipo. Tanzania mtafiti mgeni hapati kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, bila mshirika wa ndani. Kenya kuna NACOSTI, tume ya aina hiyo hiyo. Ila tusisingizie wageni peke yao. Kuna wahadhiri wetu ambao jina lao liko kwenye fomu ya kibali na kazi yao ikaishia kwenye hiyo fomu, wakalipwa posho, na hawakuwahi kuomba kuziona data. Mshirika wa ndani wa aina hiyo hana tofauti na mhuri.

Mwaka 2022 mkutano wa dunia kuhusu uadilifu katika utafiti ulifanyika Cape Town, na kutokana nao likatoka tamko juu ya haki katika ushirikiano baina ya watafiti wa nchi tajiri na maskini. Kwa mtafiti wa miaka thelathini na tano maana yake ni mazungumzo machache yasiyopendeza yanayofanywa kabla fedha haijaingia. Data zitakaa wapi? Friza iliyonunuliwa na mradi itabaki kwa nani? Nani ataandika rasimu ya kwanza, na jina la nani litatangulia? Mambo haya ni rahisi kuyamaliza na mtu mliyekaa naye meza moja siku nne kuliko na profesa ambaye hujawahi kumwona. Na hapa naona faida ambayo haiandikwi kwenye ripoti: mtu wa Dar es Salaam anakutana na wa Makerere. Si ajabu kumpata mtafiti wetu mwenye mradi na Copenhagen, asiye na namba ya simu ya mwenzake wa Kampala anayepima sumukuvu ile ile.

Sababu yake ni fedha. Nchi za Afrika zimeahidi kwa miongo sasa kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Sheria ya Kenya ya mwaka 2013 ilizidisha ikasema asilimia 2, na Hazina haijawahi kufika hapo. Anayelipa ndiye anayechagua swali la utafiti, na anayelipa yuko mbali.

Halafu kuna viza. Mwombaji wa viza ya Schengen anatakiwa awe na bima ya matibabu ya angalau euro 30,000, taarifa za benki na barua ya mwajiri. Na ada aliyolipa hairudi hata akinyimwa. Mtumishi wa umma hutafuta pia ruhusa ya kusafiri kwa mwajiri wake. Cheo hakisaidii sana: Julai 2022 Winnie Byanyima wa Uganda, mkuu wa UNAIDS, nusura azuiwe Geneva kupanda ndege ya kwenda mkutano wa UKIMWI Montreal, na wajumbe wengi wa Afrika hawakufika kabisa. Kigali kuwa mwenyeji si suala la usafi wa mji peke yake. Tangu Januari 2018 Rwanda hutoa viza kwa raia wa nchi yoyote akifika uwanjani. Mei 2023, mwezi mmoja kabla ya mkutano wa akademia ya vijana, ICLR, mkutano mkubwa wa akili mnemba, nao ulifanyika huko.

Anayetaka kuomba na ajue tofauti. Mkutano wa Lindau ni wa wasiozidi miaka 35 na mara nyingi unapita kwa taasisi zinazoshirikiana na waandaaji. Global Young Academy hupokea mapendekezo kila mwaka, na mtu anaweza kujipendekeza mwenyewe. Chuo Kikuu cha Pretoria kilianzisha programu ya uongozi kwa wanasayansi wa Afrika mwaka 2015. Nafasi za namna hii kwa kawaida hutaka barua za wadhamini, na hizo ndizo huchelewa. Aanze kuwafuata maprofesa wake miezi miwili kabla, na awaandikie rasimu.