Antena ya redio ya CB kwenye lori: jua unachonunua kabla ya kutoa pesa

Ndugu zetu wengi hapa Marekani wamepata leseni ya CDL na sasa wanaendesha malori makubwa kutoka jimbo hadi jimbo. Wanaoanza kazi huuliza: je, redio ya CB bado ina faida wakati kila mtu ana simu? Faida ipo. Dereva aliye maili tatu mbele yako, ambaye ameshaona barafu juu ya daraja au lori lililopinduka katikati ya barabara, anaweza kukuonya papo hapo, hata mahali ambapo simu haishiki mtandao. Onyo la dakika mbili linatosha kukufanya upunguze mwendo na urudi nyumbani salama.

Lakini redio peke yake haitoshi. Sheria inairuhusu CB itoe wati 4 tu kwa mawimbi ya AM, iwe redio ya bei ndogo au ya bei kubwa. Kuongeza nguvu kwa amplifaya ni kosa kisheria. Kwa kuwa wote mna nguvu ileile, anayesikika na kusikia vizuri ni yule mwenye antena nzuri iliyofungwa vizuri. Kama pesa ni kidogo, nunua redio ya kawaida na antena nzuri.

Mambo ya sheria kwa ufupi

Huhitaji leseni kutumia CB Marekani. Kuna chaneli 40. Chaneli ya 9 ni ya dharura na ya kuwasaidia wasafiri. Chaneli ya 19 ndiyo ambayo madereva wa malori wamezoea kukutana. Sheria ya shirikisho inayomkataza dereva wa lori kushika simu mkononi akiwa anaendesha haihesabu CB kuwa simu. Hata hivyo, majimbo yana sheria zake, na kampuni zina kanuni zake, kwa hiyo uliza ofisi ya usalama ya kampuni yako.

Urefu wa antena

Wimbi moja la CB lina urefu wa karibu mita 11. Antena inayofanya kazi vizuri kabisa kwenye gari ni ya robo ya wimbi, yaani kama futi 9. Kwenye lori, fimbo ya futi 9 ingegonga madaraja na matawi. Ndiyo maana watengenezaji huifupisha antena kwa kuizungushia waya mwembamba, unaoitwa koili. Kwa kawaida, antena ndefu zaidi hufika mbali zaidi, lakini lazima ipite chini ya madaraja. Katika majimbo mengi kimo cha juu cha lori ni futi 13 na inchi 6. Pima kutoka chini hadi ncha ya antena. Ikizidi kimo cha trela lako, chagua inayopinda, au ifunge na springi chini yake.

Utakutana na aina mbili kwenye duka la kituo cha malori:

*Fimbo ya fibaglasi.* Waya umezungushwa ndani yake kutoka chini hadi juu. Ni nyepesi, hupinda bila kuvunjika kirahisi, na bei yake si kubwa. Ya futi 4 huwafaa wengi. Tafuta ile ambayo waya wake umekazwa zaidi sehemu ya juu, kwa sababu sehemu hiyo ndiyo inayopita juu ya paa.

*Antena yenye koili katikati.* Ina mhimili wa chuma chini, koili nene katikati, na fimbo nyembamba ya chuma juu. Hutoa mawimbi vizuri, lakini ni nzito na inataka kishikio imara. Hapa wengi hukosea: wananunua yenye mhimili mfupi, koili inabaki nyuma ya kichwa cha lori na chuma kinazuia mawimbi. Chagua mhimili mrefu wa kutosha ili koili iwe juu ya paa.

Moja au mbili?

Umeona malori yenye antena mbili, moja kila upande kwenye vioo. Zikiwa zimeachana karibu futi 9, hupeleka mawimbi zaidi mbele na nyuma, kufuata barabara, na machache pembeni. Lakini lazima ziwe za aina moja na urefu mmoja, na zitumie kebo yake maalumu yenye matawi mawili. Moja ikiharibika, nyingine nayo haifanyi kazi sawasawa. Antena moja nzuri ni bora kuliko mbili hafifu. Ukifunga moja, iweke upande wa dereva: upande wa kulia ndiko matawi ya miti yanakoning'inia barabarani.

Kebo na waya wa ethi

Kwa antena moja, nunua kebo iliyoandikwa RG-58 au RG-8X. Kwa antena mbili, kebo huwa ni RG-59. Usizichanganye. Usiikunje kwa nguvu wala kuibana kwenye mlango, kwa sababu ikikatika ndani hutaona kwa macho.

Antena nyingi za lori huhitaji chuma cha gari kiwe kama nusu yake ya pili. Vioo vya malori mapya mara nyingi hushikwa na plastiki au fibaglasi, na hapo kishikio hakigusi chuma cha bodi. Dawa yake ni kuvuta waya wa ethi kutoka kwenye kishikio hadi kwenye chuma kitupu kisicho na rangi wala kutu. Tatizo hili ndilo huwafanya watu wengi wabadilishe redio bure.

Pima kabla ya kuongea

Antena mpya haijawa tayari mpaka ipimwe kwa mita ya SWR. Mita hii inaonyesha ni kiasi gani cha nguvu kinarudi kwenye redio badala ya kutoka hewani. Mita huuzwa kwenye vituo vya malori, na dereva mwenzako anaweza kukuazima.

1. Egesha mahali wazi, mbali na majengo na malori mengine. Funga milango.
2. Pima kwenye chaneli ya 1, kisha ya 19, kisha ya 40.
3. Namba ikiwa chini ya 1.5 ni nzuri sana. Hadi 2 inakubalika. Ikizidi 3 kwenye chaneli zote, usiongee kabisa, kwani redio inaweza kuungua. Kagua ethi, kebo na viungio kwanza.
4. Namba ya chaneli ya 40 ikiwa kubwa kuliko ya 1, antena ni ndefu mno: ifupishe kidogo kwenye ncha. Namba ya chaneli ya 1 ikiwa kubwa zaidi, antena ni fupi: irefushe.

Rekebisha kidogo kidogo na upime tena kila mara. Na usibonyeze kitufe cha kuongea wakati antena haijaunganishwa.

Kama lori si lako

Lori likiwa la kampuni, usitoboe chochote bila ruhusa. Angalia kwanza: malori mengi yanatoka kiwandani yakiwa na vishikio vya antena kwenye vioo, kebo ndani ya ukuta, na mahali pa kuunganisha redio juu ya kiti cha dereva. Huenda unachohitaji ni fimbo tu. Ukihama lori, ondoka na antena na redio yako, na hifadhi risiti. Kama wewe ni dereva wa kujitegemea, mpe risiti hiyo anayekuandalia kodi.

Mwanzoni, sikiliza zaidi kuliko kuongea. Lugha ya CB ni ya haraka na mara nyingine ina matusi. Usijibu. Jifunze kwanza kusema kwa Kiingereza maneno machache: namba ya barabara, namba ya maili, unaelekea upande gani, na ulichokiona. Hayo yakieleweka, na wewe utaweza kumwonya aliye nyuma yako.