MAELEZO KWA WAZAZI NA WALEZI: VIFAA VYA KUBEBEA WATOTO WADOGO KWENYE BAISKELI

Wazazi na walezi wa Ikonda, pamoja na wale wa maeneo mengine ya Makete, Njombe na Makambako, wanaotumia baiskeli kuwapeleka watoto wadogo kliniki, sokoni, ibadani au kwa ndugu, wanaombwa kuyasoma maelezo haya kabla ya kununua au kutengenezesha kifaa chochote cha kumkalisha mtoto. Maelezo yanawahusu pia wale wanaokusudia kusafiri na watoto kwa baiskeli kwa siku mbili au tatu kwa ajili ya matembezi, kwani vifaa ni vilevile na hatari ni zilezile, ila muda wa kukaa juu ya baiskeli ndio unaozidi.

Ni kawaida kwa mnunuzi kuanza na vitu vinavyoonekana: rangi, kengele, taa, mto laini wa kukalia. Vitu hivyo vina mahali pake. Lakini fedha zikiwa chache, na kwa wengi wetu huwa chache, za kwanza zitumike kuukinga mguu wa mtoto usiingie kwenye spoku, na za pili zitumike kwenye breki. Mengine yafuate.

Mguu na gurudumu

Mtoto anayekalishwa kwenye keria bila kuwa na pa kukanyaga huiacha miguu yake ining'inie kando ya gurudumu la nyuma. Akichoka, akisinzia, au baiskeli ikiyumba kwenye shimo, huibana miguu kwa ndani ili ajishikilie. Hapo ndipo kisigino hupenya kati ya spoku, nalo gurudumu likiendelea kuzunguka huuvuta mguu mpaka kwenye bomba la fremu na kuukaza hapo. Si lazima mwendo uwe mkubwa. Ngozi ya kisigino huchunika, kano ya nyuma ya kifundo huweza kuumia, na mara nyingine mfupa huvunjika. Wanaoumia zaidi kwa namna hii ni watoto wa umri wa miaka 2 hadi 8 hivi, yaani wale ambao wamekuwa wakubwa wa kutobebwa mgongoni lakini hawajaweza kuendesha wenyewe.

Nchi zenye baiskeli nyingi zimelitungia jambo hili sheria. Nchini Ujerumani mtoto aliye chini ya miaka 7 hubebwa na mtu aliyetimiza miaka 16, katika kiti maalumu, na sheria inataka gurudumu lizibwe au pawepo kinga nyingine ya kuzuia miguu isifike kwenye spoku. Uholanzi nayo inataka mtoto aliye chini ya miaka 8 awe na kiti chenye kuegemeza mgongo, mikono na miguu. Kuhusu umri wa mwendeshaji, ni vyema wazazi wajiulize wenyewe, kwa kuwa si jambo geni huku kumwona mwanafunzi wa darasa la tano amempakia mdogo wake kwenye baiskeli ya baba, naye mwenyewe miguu haifiki chini akikaa kwenye siti.

Kinga ya gurudumu haihitaji kuagizwa kutoka mbali. Fundi wa kuchomelea anaweza kukata bati laini, au wavu wa waya wenye matundu madogo, ukafungwa pande zote mbili za gurudumu la nyuma kuanzia madigadi hadi karibu na ekseli, na kukazwa kwenye vyuma vya keria. Mambo mawili yaangaliwe. Kwanza, kingo za bati zikunjwe au zivishwe mpira wa tyubu kuukuu, maana bati lililoachwa wazi hukata kama kisu. Pili, kinga iwe ngumu kiasi cha kutobonyea mtoto anapoikanyaga. Ikigusa spoku, hatari imerudi palepale. Kamba zilizosukwa kutoka madigadi hadi ekseli huzuia nguo, lakini hazimzuii mtoto mwenye kisigino kidogo.

Kiti

Kiti kizuri kina mgongo unaofika mabegani, pembe za kumzuia mtoto asiangukie upande, mkanda unaopita mabegani na katikati ya miguu, na vikanyagio vyenye ukingo na kamba ya kufunga mguu. Vikanyagio viwe vya kusogezwa chini kadiri mtoto anavyokua. Viti vya plastiki vinavyotengenezwa kwa kufuata kipimo cha Ulaya huandikwa EN 14344, navyo vya nyuma kwa kawaida huishia mtoto wa kilo 22 na vya mbele kilo 15. Anayenunua kiti cha mtumba akikague chini ya mwanga: plastiki iliyopauka na yenye nyufa karibu na matundu ya skrubu isichukuliwe hata ikiuzwa kwa bei ya kutupa.

Kiti cha chuma kilichotengenezwa na fundi wetu ni kizuri vilevile, na kwa baiskeli nzito za aina ya Phoenix, zenye keria pana na imara, mara nyingi hukaa vyema kuliko cha plastiki. Ila kifungwe kwa bolti zenye nati mbili mbili. Mipira ya kufungia mizigo isitumike kukishikilia kiti, kwa kuwa hulegea pole pole na mwendeshaji hana macho mgongoni.

Wengine humkalisha mtoto mbele, juu ya bomba la fremu, kwa kuwa hapo anaonekana na anaweza kuzungumzishwa. Faida hiyo ni ya kweli. Hata hivyo mguu wa mtoto ukiingia kwenye gurudumu la mbele, baiskeli nzima hupinduka na wote wawili hutupwa mbele. Kwa hiyo kiti cha mbele bila vikanyagio kisikubaliwe.

Mtoto ambaye hajaweza kuketi mwenyewe bila kushikiliwa, na kwa ujumla aliye chini ya mwaka 1, asipakiwe kabisa. Shingo yake haijaimarika vya kutosha kuhimili mitikisiko. Kumfunga mgongoni kwa kitenge wakati wa kuendesha si suluhisho, kwani mama akianguka humwangukia mtoto, na ncha ya kitenge ikishuka hunaswa na mnyororo.

Breki

Ikonda ipo kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, katika nchi ya vilima ambako kila mpando una mteremko wake. Barabara ya Njombe hadi Makete imetiwa lami, jambo lililorahisisha mengi, lakini lami pia huongeza mwendo wa baiskeli inayoteremka na wa magari yanayoifuata nyuma.

Baiskeli nyingi za zamani zina breki za fito zinazokandamiza raba kwenye rimu ya chuma iliyong'arishwa. Rimu hiyo ikilowa, raba huteleza, na umbali wa kusimama huongezeka mara kadhaa. Kwa kuwa mvua za huku huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, mzazi mwenye breki za namna hiyo yambidi aamue moja kati ya mawili: abadilishe magurudumu apate rimu za aluminiamu pamoja na breki za kubana pande mbili au za diski, au siku ya mvua ateremke kwa miguu akiisukuma baiskeli. Hakuna la tatu. Breki ya kukanyaga nyuma haiathiriki na maji, lakini katika mteremko mrefu hupata moto na kupungua nguvu, na mnyororo ukikatika haipo tena. Iwapo ndiyo iliyopo, iongezewe breki ya mkono kwenye gurudumu la mbele.

Kabla ya kumpakia mtoto kwa mara ya kwanza, mzazi apime viazi vya uzito sawa na wa mtoto huyo, avifunge kwenye kiti kwa mikanda yake, kisha ateremke na kusimama ghafla katika sehemu iliyo tambarare na iliyo na mteremko mdogo. Viazi vikimwagika, hasara ni ndogo. Jaribio hilo litamwonyesha pia jinsi usukani unavyokuwa mwepesi uzito ukiwa nyuma.

Mpando, stendi na gia

Baiskeli yenye gia moja haikutengenezwa kwa vilima vya Makete. Fundi anaweza kupachika gia ya nyuma yenye meno mengi zaidi, 22 badala ya 18 kwa mfano, na mwendeshaji ataona nafuu. Lakini kwa mzigo wa mtoto wa kilo 15 bado sehemu nyingi zitapandwa kwa miguu. Hakuna aibu katika hilo. Wakati wa kusukuma, mkono mmoja uwe kwenye usukani na mwingine kwenye kiti cha mtoto.

Stendi ya miguu miwili inayoinua gurudumu la nyuma ni bora kuliko ya mguu mmoja. Hata hivyo mtoto asiachwe peke yake juu ya baiskeli iliyosimamishwa, hata kama mzazi anaingia dukani kununua kiberiti tu. Watoto wengi huanguka baiskeli ikiwa imesimama.

Baridi, na kofia

Mwendeshaji anapanda mlima anatokwa jasho na kufungua vifungo vya sweta. Mtoto aliye nyuma yake ameketi bila kujongea na upepo unampiga. Mzazi anayempima mtoto kwa joto la mwili wake mwenyewe atakosea. Mwezi Juni na Julai, mtoto avikwe nguo moja zaidi ya anazovaa mzazi, soksi, glavu na kofia ya sufi nyembamba inayoweza kukaa chini ya kofia ngumu, na mikono yake iguswe kila baada ya muda. Ncha za shali zifichwe ndani ya sweta. Viatu viwe vya kufunika kisigino. Kandambili hudondoka, na mtoto hunyoosha mguu kuzifuata.

Kofia ngumu ya baiskeli iwe nyepesi. Ile ya pikipiki humlemea mtoto shingo, nayo isitumike. Ukingo wake ukae vidole viwili juu ya nyusi, na kati ya mkanda na kidevu kipite kidole kimoja. Kofia iliyokwisha kupigwa katika ajali haina kazi tena hata kama haionyeshi ufa.

Upepo wa tairi nao una maana kwa mtoto. Ikumbukwe kwamba John Boyd Dunlop alipotengeneza tairi lake la upepo mjini Belfast karibu na mwaka 1888, alikuwa akitafuta njia ya kumpunguzia mtoto wake mitikisiko ya baiskeli ya magurudumu matatu. Tairi nene lenye upepo wa wastani humfaa mtoto kuliko jembamba lililojazwa hadi likawa gumu kama jiwe.

Safari ndefu

Tela la magurudumu mawili la kuvutwa nyuma ya baiskeli hubeba watoto wawili, na baiskeli ikianguka tela kwa kawaida hubaki wima. Katika njia tulivu ni kifaa kizuri sana. Lakini ni pana, liko chini, na dereva wa lori haoni upesi. Kwa hiyo halishauriwi katika barabara kuu inayopita Makambako, yenye malori ya Zambia usiku na mchana, hata likiwa na bendera ndefu.

Kutoka Makambako hadi Njombe ni kiasi cha kilomita 60. Mtu mzima aliye peke yake huzimaliza kwa siku moja. Mwenye mtoto azigawe mara mbili, au apakie baiskeli kwenye basi katika sehemu ya mpando. Mtoto ashushwe kila baada ya nusu saa akimbie kidogo. Akisinzia na kichwa kikaanza kuning'inia, mzazi asimame. Mizigo iwekwe chini, pande zote mbili za gurudumu, isining'inizwe kwenye usukani. Bomba la upepo, viraka, gundi, spana, spoku mbili za akiba na chupa ya uji wa moto visikosekane.

Mtoto anayeendesha yake mwenyewe apewe baiskeli ambayo, akikaa kwenye siti, nyayo zake zinagusa ardhi na vidole vinafika kwenye breki. Kumnunulia kubwa ili aikulie, au kumwacha apitishe mguu chini ya bomba la baiskeli ya mtu mzima, kusiruhusiwe barabarani.

Mguu ukinaswa

Baiskeli isimamishwe hapo hapo na mtoto ashikiliwe asianguke. Mguu usivutwe kwa nguvu. Gurudumu lirudishwe nyuma taratibu, na lisiporudi, spoku zikatwe kwa koleo. Jeraha lioshwe kwa maji safi, lifunikwe kwa kitambaa safi, mguu usikanyagiwe, na mtoto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kinachoonekana ni mchubuko mdogo. Ngozi iliyobanwa huweza kuonekana nzima siku ya kwanza, kisha ikafa na kuwa nyeusi siku chache baadaye, nao mfupa uliopasuka hauonekani kwa macho. Kadi ya chanjo ichukuliwe, ili mganga aone kama mtoto amekingwa dhidi ya pepopunda.